Kiti cha Mbele ni cha Nani?



Leo sikuja na mitindo ya magauni, nisameheni. Picha za zile lesi mpya nitazileta wiki ijayo inshaallah. Leo nimekuja na hasira, na nimekaa nayo siku nne nzima nikisema labda itapoa. Haikupoa.

Wiki iliyopita alikuja dukani msichana kujaribu gauni lake kwa mara ya mwisho. Ana miaka 23, mpole, mzuri mashaallah, anaolewa Tanga. Ana selimundu tangu utotoni. Nilipomshika kiuno kuweka pini akaruka kidogo. Nikamuuliza kulikoni, akasema nyonga zinamuuma tangu juzi, ni kawaida yake. Nikamuuliza safari itakuwaje basi. Akaniambia boti ya asubuhi mpaka Dar es Salaam, kisha Coaster mpaka Tanga, moja kwa moja. Nikasema, na hao watu wa msafara wanajua kama utahitaji kusimama, kunywa maji, kujinyoosha? Akacheka. Akasema somo wake amemwambia siku hiyo asinywe maji tangu alfajiri, ili asije akasumbua watu kusimamisha gari, na kwamba bibi harusi halalamiki mbele ya wakwe siku ya kwanza. Mchumba anajua hali yake na wote wawili wameshapima damu, alhamdulillah. Wanawake wa upande ule ndio walikuwa hawajui, na somo alitaka wasijue kwa kumuona anaomba kushuka. "Watasema wameletewa mgonjwa."

Wenye selimundu na wanaowauguza wanalijua hili bila ya kusoma kwangu: mwili ukikauka maji, yale maumivu makali ya mifupa huamka. Baridi ya ghafla nayo huyaamsha, kama ile ya kiyoyozi kinachopuliza usoni wakati wewe umetoka kwenye jua la bandarini. Kwa hiyo somo, kwa mapenzi yake yote na nia yake njema, alikuwa amempangia mtoto wa watu aanze fungate yake hospitali.

Sikumlaumu sana yule somo, kwa sababu hakubuni yeye. Kayakuta. Ninachogombana nacho ni hii desturi yetu ya kumpakia mwanamke mwenye maumivu ndani ya gari kama anavyopakiwa mkungu wa ndizi, kisha akisema "jamani" tunamwambia vumilia.

Nazungumza hivi kwa mwili wangu mwenyewe. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma ushonaji, na tangu hapo nimekaa kwenye cherehani zaidi ya miaka 15. Mnaovaa nguo nzuri hamjui nguo hizo zinashonwa kwa mgongo gani. Maumivu yangu yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye tako la kushoto, nyuma ya paja, mpaka kwenye vidole vya mguu, kama mtu anauvuta uzi wa moto ndani ya mshipa. Daktari alinionyesha picha akaniambia kuna diski katikati ya pingili za chini imetokeza inagusa mshipa wa fahamu. Nikisimama nafuu. Nikilala nafuu zaidi. Nikikaa kitako ndiyo balaa, na kukaa kitako juu ya gari inayotikisika ni balaa mara mbili.

Miaka mitatu iliyopita binti wa ami yangu aliolewa huko huko Tanga. Nilishona sare 14 za upande wetu, wiki mbili nalala saa nane za usiku. Tukavuka na boti, tukawachukua jamaa zetu wengine Magomeni, tukaingia kwenye Coaster. Kiti cha mbele, pembeni ya dereva, alikaa kijana wa miaka 17 ili apige picha za njia kwa simu. Viti vilivyofuata vikajaa waliotangulia. Mimi nikapewa benchi la nyuma kabisa, pamoja na maboksi ya sare na sufuria, kwa sababu "wewe ndiye mwenye mizigo yako".

Nani asiyelijua benchi la nyuma la Coaster? Limekaa nyuma ya tairi. Gari ikipanda tuta, mbele wanasikia kidogo, nyuma mnarushwa mpaka kichwa kinataka kugusa dari. Na njia ya Dar kwenda Tanga, kilomita kama 350 kwa Chalinze na Segera, matuta yake kila kijiji yapo. Tulipopita Mlandizi mguu ulikuwa umeanza kufa ganzi. Chalinze niliomba tusimame nishuke dakika tano nitembee. Dereva, masikini, alikuwa ameshaanza kupunguza mwendo. Aliyemwambia asisimame si mwanamme. Ni mwanamke mwenzangu, katikati ya gari, aliyesema, "Twende bwana, tutachimba dawa Segera." Wakacheka. Mwengine akanigeukia, "Vumilia shoga, ndiyo safari."

Lakini wallahi gari ile ilisimama mara mbili. Mara ya kwanza ilisimama ili wapambe maua yaliyoanguka kwenye boneti na wapige picha ya msafara. Mara ya pili Muheza, kununua machungwa. Nusu saa nzima walikuwa wanachagua machungwa. Huko Segera tuliahidiwa tukapita mbio kwa sababu mtu alipiga simu kuwa wenyeji wanatusubiri. Na pale Muheza nilikuwa siwezi tena kuinuka, kwa hiyo nilisubiri nikiwa nimejilaza juu ya maboksi ya sare zangu, nanusa machungwa.

Tulipofika walinishusha watu wawili. Harusi yote niliisikia kwa dirishani. Ngoma naisikia, vigelegele navisikia, sare 14 nilizozishona sikuiona hata moja ikicheza. Bibi harusi mwenyewe, Allah amlipe kheri, aliingia chumbani na shela lake ili nimuone. Na nje ya mlango nikasikia mtu anasema, "Fundi huyo, anajidai, amekuja kulala."

Basi naomba tuambizane ukweli kuhusu hilo neno kudeka.

Shirika la Afya Duniani linayaita maumivu sugu yale yaliyodumu au kurudi rudi kwa zaidi ya miezi 3. Halikusema yaonekane. Mwenye baridi yabisi, mwenye mgongo, mwenye selimundu, mwenye tumbo la uzazi linalomkata kila mwezi mpaka anazimia, mwenye kipanda uso, wote hawa wanaweza kuja harusini wamepaka wanja na hina wakapendeza kuliko wewe. Unamuona kasimama anacheka unasema mzima huyu. Hujui kabla ya kuja alilala saa ngapi, na hujui kesho yake ataamka vipi. Wengi wetu tumeshajifunza kuficha, kwa sababu tukisema tunaulizwa, "Mbona jana ulikuwa mzima?"

Halafu inaletwa dini. Hapo ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu dini yangu naipenda na sitaki itumike kunibana kwenye benchi la nyuma. Tunaambiwa subira. Mwanamke wa Kiislamu ana subira. Haya, tumwangalie bingwa wa subira, Nabii Ayyub (A.S). Katika Suratul Anbiyaa tunasoma kwamba alimlilia Mola wake akamweleza wazi kuwa madhara yamempata, na Mola wake akamjibu. Alisema inauma! Na katika Suratu Saad Allah amemsifu huyo huyo kuwa ni mwenye subira. Na dawa aliyopewa hapo ilikuwa nini? Aliambiwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji baridi ya kuoga na ya kunywa. Ya kunywa, dada zangu. Sisi bibi harusi wetu tunamkataza maji.

Mimi si mwanachuoni, nilisoma chuo cha mtaani kama nyinyi, lakini hadithi mbili hizi nilizisikia darsani na sijazisahau tangu siku hiyo. Moja ni ya Anjasha. Alikuwa akiwaongoza ngamia waliobeba wanawake, na alikuwa na sauti nzuri, akiimba ngamia wanachangamka wanaenda mbio. Mtume (S.A.W) akamwambia aende taratibu, akawafananisha wale wanawake na vyombo vya kioo. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Wapo wanavyuoni walioielewa kuwa ni tahadhari ya ile sauti tamu na nyoyo za wanawake, na wapo walioielewa kuwa ni mwendo wa ngamia na miili iliyo juu yao. Mimi mwenye mgongo mnajua nimeegemea wapi. Dereva aliambiwa apunguze mwendo, na hakuna aliyewaambia wale wanawake wavumilie.

Ya pili ni ya bibi harusi hasa. Mtume (S.A.W) alipokuwa anarudi kutoka Khaybar, amemuoa Bibi Safiyya (R.A), Anas bin Malik anasimulia kwamba alimtandikia joho nyuma yake juu ya ngamia, kisha akakaa chini akaweka goti lake, na Bibi Safiyya akakanyaga juu ya goti lile kupanda. Jeshi zima lipo njiani, watu wametoka vitani, na kiongozi wao anakaa chini ili mkewe apande vizuri. Sisi tunamwambia bibi harusi akae katikati ya mashangazi wawili, magoti yamegusa kidevu, asiseme kitu, ili mbele akae mpiga picha.

Nije kwenye jambo ambalo hatulizungumzi kwa haya. Kuchimba dawa. Wanaume wanashuka, wanageukia kichaka, wamemaliza. Wewe na buibui lako na nikabu yako kichakani utaendaje, na magari yanapita? Kwa hiyo wanawake wetu wanafanya nini? Hawanywi. Mama zetu wanatoka Unguja mpaka Tanga, au Arusha, kutwa nzima, kwa tende mbili na kidole cha maji. Anayefanya hivyo akiwa mzima anafika na kichwa kinamgonga na mkojo unamchoma. Anayefanya hivyo ana selimundu, nimeshasema. Na mwenye mgongo kama mimi, kibofu kikijaa kwenye matuta, basi nakaza kila msuli wa mwili, na msuli ukikazwa saa sita unalipa kisasi siku tatu.

Choo kipo. Vituo vya mafuta vipo, mikahawa ipo Chalinze, Segera, Muheza, misikiti yenye sehemu ya wanawake ipo. Wanaosema tusisimame wanajua kama vipo. Na nimeliona hili mara nyingi: gari ikisimama kwa ajili ya mgonjwa mmoja, foleni ya chooni inakuwa ndefu, na wa kwanza kwenye foleni ni yule aliyesema twende.

Najua mtakayoniambia kwenye maoni, kwa hiyo nijibu kabisa. Mtasema bibi zetu walisafiri kwa majahazi na punda wala hawakulalamika. Walilalamika sana, nani aliyewaandika? Bibi yangu mzaa mama alikuwa hasemi neno juu ya safari zake za Pemba ila moja, kwamba alishukia Mkoani anatambaa. Mtasema watu 25 hawawezi kusubiri mtu mmoja. Dakika kumi, mara tano, ni dakika 50. Maua ya boneti na machungwa yalichukua zaidi. Mtasema kama anaumwa si abaki nyumbani. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana tunabaki. Tumeshabaki. Nimekosa maziko ya shangazi yangu Makunduchi kwa sababu gari iliyopatikana ilikuwa ile daladala ya mbao yenye mabenchi ya pembeni, na nilijua sifiki. Wasioumwa wakidhani tumewasusa, si kweli, tunahesabu matuta.

Na kuna wanaume wema katika jambo hili, niseme haki. Mume wangu akinunua gari alikaa kwanza yeye viti vyote, akaniita nikakae, akamwambia muuzaji, "Hii hapana, mama watoto kiuno hakikubali." Muuzaji akamuangalia kama kichaa.

Mimi mwenyewe siko safi. Nina binti anayejifunza kazi dukani kwangu. Mwaka jana tulikuwa tunapeleka nguo za harusi Nungwi, na siku hiyo alikuwa kwenye siku zake, amejikunja. Nilimpandisha nyuma ya pikapu ashikilie magauni yasichafuke. Nilimwambia nini? Vumilia, tunafika sasa hivi. Mimi! Niliyelala juu ya maboksi Muheza! Nilikumbuka tulipofika Mkokotoni, nikaona haya kumuambia dereva asimame kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Nimeshamuomba radhi. Lakini nimelitaja ili mjue desturi hii haikai kwa watu wabaya tu. Inakaa kwa yeyote mwenye haraka.

Sasa mimi nasafiri vipi siku hizi? Nasema kabla, si baada. Kabla sijatoa mchango wa gari nauliza nitakaa wapi. Nataka mbele, na kama mbele hapana basi safu ya kwanza nyuma ya dereva, katikati ya tairi na tairi, siyo juu ya tairi na kabisa siyo nyuma yake. Nakunja kanga moja nene kama chapati, naiweka pale kiuno kinapoingia ndani, na mkanda wa gari naufunga hivyo hivyo. Siweki pochi wala simu kwenye mfuko wa nyuma. Dereva nampa vituo vyangu kwa majina asubuhi, kwa adabu, kabla hajawasha gari: Mlandizi, Chalinze, Mkata, Segera, Muheza. Ukimwambia hivyo anapanga kichwani mwake na hakuoni msumbufu. Ukimwambia njiani, ghafla, hapo ndipo anapovuta mdomo. Tukisimama nashuka, natembea, hata kama sina haja ya choo, hata kama mvua. Miguu ikikaa imekunjwa saa nyingi si mgongo tu unaoumia, hata damu haitembei vizuri.

Dawa nakunywa zile nilizoandikiwa, kwa saa zake, na chakula tumboni. Mimi ni fundi cherehani si daktari, kwa hiyo sitawatajia jina. Ila nitawaambia msichukue vidonge vya kwenye mkoba wa shangazi. Mnamjua shangazi huyo, kila msafara yumo mmoja, ana vidonge vya kila rangi. Dawa nyingi za maumivu zinakwaruza tumbo lisilo na kitu, nyingine zinalaza, na ukichanganya na ile ya kuzuia kutapika unaweza ukafika hujijui. Na bibi harusi hujijui haifai, picha zitakusema.

Sala nayo imefanyiwa wepesi na tunaukataa sisi. Dar mpaka Tanga ni masafa ya safari, unajumuisha adhuhuri na alasiri, unapunguza, na usiyeweza kusimama unasali kwa kukaa. Ruhusa hiyo Mtume (S.A.W) aliitoa kwa sahaba aliyekuwa na maradhi, Imran bin Husayn, kwamba asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Kwa safari za ndani ya Unguja muulizeni shekhe wenu, masafa ni mafupi. Lakini kile kiti cha plastiki pale msikitini hakikuwekwa kwa wazee wa kiume peke yao. Nilikalia kimoja nikasikia mwanamke ananong'ona, "Kijana hivi!" Sikusikia sala yangu vizuri siku hiyo.

Na sasa nguo, maana hapa ndipo ninapokula. Bibi harusi mwenye maumivu asisafiri na gauni la harusi. Nakataa kabisa, na wateja wangu wawili wameshaniudhikia. Gauni lenye koseti lina vile vijiti vya plastiki, umesimama yanakuweka vizuri, umekaa yanakuchoma chini ya mbavu na kwenye nyonga. Zipu ya mgongoni na shanga za mgongoni, saa sita umeziegemea, unashuka na michoro ya shanga kwenye ngozi iliyosingwa wiki nzima. Pini za mtandio kichwani zinagongana na kiti. Mimi sasa nashona nguo ya njiani, na siitozi pesa nyingi: dira la pamba laini, halina zipu, bitana ya kitambaa kinachopumua, mifuko miwili mikubwa ya pembeni ya kuwekea chupa ya maji na chupa ndogo ya maji moto ya kujikandia. Juu yake buibui pana. Viatu vya chini. Mwenye selimundu namuongezea shali nzito na soksi kwa ajili ya kiyoyozi. Gauni linasafiri kwenye mfuko wake limelala, na wewe kama inawezekana ufike siku moja kabla nawe ulale. Ukishapumzika ndipo tunakufunga koseti, unatoka nje umenyooka.

Nirudi kwa yule binti wangu wa Tanga. Alipoondoka nilimpigia mama yake. Mama akalia. Akasema anajua yote hayo, ila anaogopa maneno. Siku ya pili akaja somo mwenyewe dukani, nami nimejitayarisha kwa vita, nimeshapanga mpaka hadithi nitakayoanza nayo. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akakunjua mguu wake wa kulia kwa mikono miwili, polepole, akautoa mbele. Nikamuuliza, goti? Akasema miaka kumi na kitu. Nikamuuliza, umeshawahi kuomba gari isimame? Akaniangalia muda mrefu. "Mimi? Niwaambie nini?"

Tulikunywa chai hapo, vita vikaishia hapo. Ni yeye aliyekwenda na mama kuzungumza na upande wa pili, na ni yeye na binti walioniruhusu niandike haya bila ya jina. Mamkwe wa Tanga kwenye simu swali lake la kwanza lilikuwa binti anakunywa maji kiasi gani kwa siku ili ayaweke tayari, na la pili kama blanketi alilete bandarini. Watu tuliokuwa tunawaogopa!

Maji yamepatikana, vituo vitano dereva anavyo kwenye karatasi, nguo ya njiani nimeipiga pasi jana. Kimebaki kiti cha mbele. Ami yake anasema kiti ni chake kwa sababu akikaa nyuma anatapika. Ni ugonjwa huo pia, sikatai, kwa hiyo nimempelekea tangawizi na ujumbe kwamba safu ya kwanza dirishani panapepea vizuri na somo atakaa karibu yake na goti lake. Mpaka naandika hapa hajanijibu. Boti inaondoka Alhamisi, saa moja asubuhi.